Kadi ya Coleta

Milanzi, Sumbawanga
8 Machi 1998

Mdogo wangu Coleta,

Habari za Dar na joto lake? Sisi wazima. Mama kule Pito anakohoa kwa baridi, lakini jembe hajaliacha.

Kompyuta ya mapajani uliyonitumia imefika, ahsante. Ila nina neno. Happy, yule binti wa Mbeya wa ng'ambo ya barabara, ameleta mashine ya faksi. Wateja wangu wa kuchapa barua wananipita, wananipa pole na kazi, wanaingia kwake. Nina wivu hadi ugali haushuki. Ulisema kompyuta hii nayo inatuma faksi. Haitumi. Ubavuni nimekuta tundu lenye kadi, nikaichomoa: plastiki tupu. Utumbo umebaki nao, mimi umenitumia ngozi. Ndivyo ulivyo tangu zamani. Wewe sekondari, mimi kupalilia ulezi. Kadi yako mfu nakurudishia humu.

Dada yako,
Redempta


Dar es Salaam
2 Aprili 1998

Dada, shikamoo.

Mpe mama pole ya kifua. Mimi naendelea.

Dada, ulichonirudishia ni kizibo cha kuzuia vumbi. Kompyuta kubwa ukitaka kuiongezea kitu unaifungua tumbo. Hii ya mapajani haifunguliki hivyo, ndiyo maana imeachiwa tundu ubavuni. Leo unachomeka kadi ya faksi, kesho unaitoa unachomeka nyingine, na mashine ni ileile. Kadi yenyewe nilisahau kuifunga pamoja nayo. Nimempa Urbano, dereva wa basi. Waya wake uunge kwenye simu.

Mdogo wako,
Coleta


Milanzi
19 Julai 1998

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mama kapona, maharage kavuna.

Kadi ilifika Aprili ileile. Niliifungia kabatini miezi mitatu, kwa sababu ikifanya kazi ingenibidi nikushukuru. Wiki iliyopita mzee Ngeleja, mfugaji wa Mwimbi, kaja na maombi ya chuo ya binti yake Sayi, siku ya mwisho, na faksi ya Happy imeharibika. Nikayachapa kwenye kompyuta, nikaichomeka kadi. Ikalia kama jogoo aliyekabwa, barua ikaenda. Sasa foleni iko barazani kwangu, Happy ananichungulia kwenye pazia. Nimefurahi vibaya sana.

Ahsante, basi. Lakini wivu juu yako haujaniisha. Unatoa kompyuta, unatoa na kadi, wala hupungukiwi.

Dada yako,
Redempta


Dar es Salaam
6 Agosti 1998

Dada, shikamoo.

Nimefurahi mama kupona.

Nimepungukiwa. Shirika letu liliuzwa, tukapunguzwa kazi tangu Januari. Kompyuta ile ndiyo niliyopewa siku ya kuondoka. Nilikutumia kwa kuwa sina tena meza ya kuiweka, na niliona aibu kukuambia. Ulipolalamika kuhusu wateja nilikuonea wivu, dada. Una mlango unaoufungua asubuhi kwa ufunguo wako.

Naomba nije tufanye kazi pamoja. Hata kufagia nitafagia.

Mdogo wako,
Coleta


Milanzi
21 Agosti 1998

Coleta,

Salamu utazipata ukifika. Barua yako nimeisoma mteja akiwa mbele yangu, nikamwambia asubiri, nikaenda nyuma kulia. Nimejionea aibu.

Njoo. Kiti nimeshaagiza kwa fundi. Mambo ya kadi utayashika wewe, mimi siyawezi. Ila tuelewane mapema: mlango ni wangu, na wateja watanisalimia mimi kwanza.

Dada yako,
Redempta