Kovu la Hamze na Mbuzi wa Maow

Abaayo Rukiyo, dada yangu, lile kovu la mume wangu si la ajali ya gari. Hamze amenieleza sasa hivi.

Ni Garissa, mwaka tisini na sita. Alipiga hesabu kwa kompyuta, jinsi hewa moto itakavyozunguka ndani ya banda la mabati lisilo na madirisha. Kompyuta ikasema mbuzi watakaa salama. Mzee Maow akamwamini, akafungia humo mbuzi wake sitini wakisubiri lori.

Kufika adhuhuri wamekufa. Wote, Rukiyo.

Kumbe alikuwa ameiambia kompyuta joto linatoka sakafuni. Sakafuni. Garissa hii, na jua liko juu ya mabati. Hewa ikichomwa kutoka juu haizunguki, inakaa palepale.

Maow akampasua uso kwa bakora, akaiponda kompyuta, akamtupa juu ya mizoga na kufunga mlango. "Sasa zunguka na hewa yako."

Hamze aligonga na kukwaruza mlango mpaka kucha zikang'oka.

Maow mwenyewe ndiye aliyemfungulia. "Umeona?"

"Nimeona, adeer," Hamze akajibu, bado akimwita ami.

Na mimi miaka yote hii namgombeza kwa nini hataki mlango wa chumba ufungwe.