Mzee Kiini, Ile Picha ya Samaki Si Yako

Mwaka umetimia, Mzee Kiini, tangu ututoke, na mimi mkeo roho yangu bado haijatulia. Unanijua, siamini kitu mpaka nikishike.

Tunakukumbuka kwenye chumba chako cha kuchorea. Kiini cha yai unakihamisha kiganja hadi kiganja mpaka kikauke juu, unakibana ngozi yake kwa vidole viwili, unakitoboa, kinachuruzika kwenye kikombe ukorogee rangi. Sisi tukabaki na ute. Miaka nenda miaka rudi tunakula ute wa kukaanga, wageni wakidhani nyumba nzima tunaumwa.

"Mnalalamika nini?" unasema. "Kiini si kile pale ukutani!"

Na kweli kilikuwepo: nyumba zilizolala ubavu, ng'ombe mwenye dirisha tumboni, viti vinavyobembeleza watoto. Ulikuwa mpole, mtu wa vituko, na tulikupenda sana.

Sasa sikia. Juzijuzi mwenye duka la picha katundika "picha ya mwisho ya Mzee Kiini": samaki anapiga pasi shati. Saini yako hiyo hapo chini. Nikasema, hapa kuna namna. Miezi yako ya mwisho hata kijiko kilikushinda, brashi ungeishikaje? Alipogeuka, nikakwaruza pembeni kwa ukucha. Rangi ya yai ikikaa mwaka huwa ngumu kama kigae. Hii ikatoka. Mbichi!

Nikamshuku mwenye duka, nikawashuku wanafunzi wako wote. Kumbe nyumbani ute umerudi mezani, nami nautafuna tu.

"Kiini kina mafuta, Mama," binti yetu akaniambia nilipouliza viini viko wapi.

Nikamtazama kucha. Buluu tupu, buluu ya yule samaki.

"Kwa nini saini ya baba yako?"

"Yangu nani angeitazama? Baba mwenyewe alisema mkono wangu mzito."

Ulisema, mume wangu, nilikusikia. Lakini kile chumba hukuwahi kukifunga, na ulijua anachungulia. Nakushuku hata wewe.

Amenisihi nisiandike haya. Naandika, kabla mtu hajainunua kwa jina la marehemu. Picha si yako. Nimerudi kuitazama mpaka mwenye duka akanivutia kiti, na ni nzuri, nzuri ya kuniliza.

Tunaokukumbuka: mkeo, wanao wawili wa kiume, dada yako, wajukuu, na binti yako, mchoraji.

Umo mioyoni mwetu daima.