Kivuli cha Nyuzi za Nili

Praikaleti, 6 Aprili

Kaka Retang,

Hujambo huko Surabaya? Kidole ulichounguza kazini kimepona? Sisi wazima. Bibi anatafuna tambuu na kulaumu mahindi ya mwaka huu, ati magumu kama meno ya farasi.

Kaka, naona haya kuuliza. Kwa nini umemwandikia Tarap kurasa nne na mimi mbili? Jana alizisoma mbele ya darasa zima: “Sikilizeni, kaka yangu ananifundisha kukamua jua!” Kaka yake! Ni binamu tu. Tumbo moja tumetoka mimi na wewe. Nikainamia daftari langu. Kiindonesia cha shuleni namshinda, na Kikambera cha nyumbani ni chetu sote, lakini mdomo sina kwa lugha yoyote.

Nasikia karakana yenu ya umeme wa jua ina nafasi moja ya mwanagenzi mwezi wa Julai. Ni ya nani?

Mdogo wako,
Ninda


Surabaya, 19 Aprili

Ninda mdogo wangu,

Kidole kizima, wivu wako nao naona mzima wa afya. Tarap nilimwandikia nne kwa sababu haelewi upesi kama wewe.

Nafasi ni ya atakayeshinda kati yenu wawili. Kila mmoja aunde kisanduku chake cha kuongoza paneli ya jua. Kazi yake ni kama kupanda kilima gizani: sogeza volti kidogo, pima wati. Zikipanda, endelea huko huko; zikishuka, geuka. Mwishowe kinafika kileleni na kubaki hapo. Mwalimu wenu azifunge paneli mbili zinazofanana nyuma ya nyumba ya Bibi, asome vipimo kila jioni kwa siku tano.

Jihadharini tu na kivuli. Kikikata paneli nusu, vilima vinakuwa viwili, na kisanduku kikianza na kile kifupi kinatulia juu yake kikidhani kimefika.

Kaka yako,
Retang


Praikaleti, 27 Mei

Kaka,

Salamu. Bibi hajambo. Nimeshinda. Nimemzidi Tarap kwa robo nzima. Nitumie tarehe ya meli.

Ninda


Surabaya, 9 Juni

Mdogo wangu,

Hongera. Mbona barua fupi hivyo, unaumwa? Meli inaondoka bandari ya Waingapu tarehe 4 Julai.

Tarap amenitumia vipimo vyake vya kila dakika. Siku zote tano, saa moja hadi saa nne asubuhi, kisanduku chake kimekwama kwenye theluthi ya nguvu. Nikamuuliza kwa simu ya mwalimu kama palikuwa na kivuli. Akajibu hapana, kosa ni lake. Tangu hapo ameandika upya maagizo ya kisanduku mara tatu. Wewe ulikuwepo pale. Hukuona kitu?

Kaka yako,
Retang


Praikaleti, 30 Juni

Kaka Retang,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako nimekaa nayo karibu wiki mbili chini ya mkeka.

Kivuli kilikuwepo. Nilikiweka mimi. Siku zile tano niliamka kabla ya Bibi, nikatoa nyuzi mbichi kwenye kibanda cha Bibi cha kutia rangi ya nili na kuzianika upande wa mashariki, jua lichomoze nyuma yake. Kivuli kikaangukia nusu ya paneli ya Tarap. Mwalimu alipokuja jioni hakikuwepo. Bibi alifurahi: “Leo mjukuu wangu amekuwa mtu wa kazi!”

Nilichagua nyuzi za nili makusudi. Unajua kwa mila yetu mwanamume hasogelei nili mbichi. Siku ya pili Tarap alisimama nje ya ua akaita, “We Ninda! Nisogezee hizo nyuzi, dada yangu, mwenzio mikono yangu imefungwa!” Nilimsikia. Nikainama, nikajifanya nakoroga chungu.

Sikujua kwamba amekuficha jambo hilo. Angenisema ningemchukia kwa raha. Sasa hata kwa wema amenishinda, na hilo, kaka, linauma kuliko zile kurasa nne.

Juzi nilimwambia mbele ya Bibi. Bibi alitema tambuu, akanitazama. Akasema kitambaa cha nyuzi zile atawafumia wengine, si mimi. Tarap akasema, “Nilijua, mama we. Ulidhani mimi kipofu?”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, ungepata wapi uso wa kutoka nje? Wewe hata kununua chumvi unaona aibu.”

Kisha akanionyesha kisanduku chake. Sasa kila dakika kumi kinapima kuanzia volti za chini kabisa hadi za juu, ndipo kinachagua kilele. Jana alfajiri tulianika nyuzi tena, mimi kwa mkono wangu. Kilikwama kidogo, kikapima, kikapanda. Changu tukakiweka pale pale. Kilikaa kwenye kilima kifupi hadi saa nne. Alicheka. Mimi nilikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Tarehe 4 anakuja yeye. Jina kwenye tiketi nimelibadilisha mwenyewe bandarini. Mfuko wake mwekundu, na hapendi samaki wa kukaanga, usimlazimishe.

Nakuomba jambo moja. Miezi mitatu ya kwanza usiniandikie anavyoendelea. Baada ya hapo niandikie yote.

Mdogo wako,
Ninda