Shelisheli la Hotelini

Richfield, Jumapili, 2004

Tangu turudi kutoka kile kisiwa cha Karibi najiuliza, shelisheli letu lilifikaje kule? Limejaa kando ya barabara, lakini hoteli mpya inawapa watalii chipsi za pakiti kutoka huku Amerika!

Nikagoma kula, nikataka nichomewe lile letu. Tanga nzima hakuna anayenishinda mimi kuchoma shelisheli. Mama mpishi akaninong'oneza, "Meneja atanifukuza." Nikabisha mpaka akachoma, na Wazungu nao wakataka.

Wiki nzima nina hofu, sijui kama kazi bado anayo. Leo mwanangu Rehema kapiga simu hotelini, kapokea mpishi mwenyewe.

"Yule babu mbishi? Mwambie mikono inaniuma kwa kuchoma. Aje anisaidie!"

Rehema kacheka. Mimi nimeshatoa begi uvunguni.