Gundi ya Maji kwa Mshona Viatu wa Pangani

Hamburg, Ujerumani

Mdogo wangu Bakari,

Salamu zangu zikukute hapo Pangani ukiwa unapumua vizuri. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ingawa baridi ya huku sijaizoea.

Mkeo ameniandikia kwamba unakohoa tangu Idi. Wewe hukutaja neno. Si adabu kumficha mkubwa wako. Chumba unachoshonea viatu ni kidogo, na gundi yako huyeyushwa kwa petroli. Mvuke wake ndio unaokuchoma kifua.

Katika kiwanda ninachooshea vyombo wanajaribu gundi nyingine, iitwayo poliuretani. Kwa asili yake haipatani na maji. Lakini wamepachika katika nyuzi zake chembe zenye umeme, ziitwazo ioni. Maji huzipenda chembe hizo; na matone ya gundi, kwa kuwa yote yana umeme wa aina moja, husukumana yasigandamane. Basi hutulia majini, meupe kama tui, bila petroli. Ukipaka kwenye ngozi, maji hukauka na matone hushikana yakawa utando mmoja unaokunjika. Hufaa kwa viatu na mikoba.

Nimepewa chupa moja. Ataileta Makame, baharia wa Pemba aliyenisaidia kazi meli yao ilipokuwa ikitengenezwa. Siku moja alisuuza ndoo kwa maji ya bahari aliyoyachukua melini. Tulipomimina gundi, ikawa mabonge.

"Mzee, tui limekatika!" akacheka.

"Cheka tu. Utakayekwangua ndoo ni wewe."

Chumvi hudhoofisha ule msukumano, na matone yakagandana. Kwa hiyo usithubutu kutia maji ya kisima chenu. Nayajua yalivyo na chumvi. Kinga ya mvua. Nakufahamu: utaiona gundi nzito, useme kata moja ya kisima haidhuru. Itadhuru.

Ikikatika, imwage, wala usirudie ya petroli kwa kuwaonea haya wateja. Washonee kwa uzi, na asiyetaka aende Tanga. Viatu vina mafundi wengi. Mimi sina mdogo mwingine.

Mpe mama shikamoo yangu. Nisalimie shangazi mpika vitumbua, na mkeo, umshukuru kwa kusema uliyoyanyamazia.

Chupa itachelewa. Fungua dirisha leo.

Ni mimi kaka yako,
Athumani