Mashine ya Siku Moja

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa kituo katuita asubuhi. Serikali inatengeneza tangazo la televisheni kuhusu huduma za afya. Vituo vyote hivyo, wametuchagua sisi! Fundi rangi keshafika — anapaka ukuta wa kushoto tu wa chumba cha wajawazito. Nikamuuliza, na wa kulia je? Huo hautaonekana kwenye picha, kasema. Haya.

Jumanne, 4 Juni
Miaka kumi na tisa ya ukunga, leo nimepakwa poda. Saa mbili wakashusha mashine ya altrasaundi, mpya, na nailoni yake. Tumeiomba miaka miwili! Nilikaribia kuibusu. Stoo ni yangu, na kwangu kitu hakivuki mlango bila kuandikwa, hata ndoo. Nikaiingiza kwenye leja: mashine moja, imepokelewa. Saini, muhuri. Nakala ikaenda makao makuu na dereva wa chanjo.
Wakanisimamisha kando yake nicheke. Nilicheka kwa moyo wote. Nilikuwa namfikiria wifi yangu, mdogo wa mume wangu. Mimba yake ya kwanza, mtoto alifia tumboni. Hii ya pili nimemwandikia akapigwe picha hospitali kubwa tarehe 27, safari ya kutwa nzima.
Saa kumi wakakunja nyaya, wakaipakia garini. Kumbe ya kuazima! Mpiga picha kaninong'oneza gharama ya tangazo: sekunde thelathini, bei ya mashine sita kama ile. Fedha za wizara ile ile tunayoiomba mashine. Nikampa maji ya kunywa.

Alhamisi, 20 Juni
Tangazo limeanza, kila baada ya taarifa ya habari. "Altrasaundi sasa iko jirani nawe" — na mimi nacheka. Mume wangu ananiita Staa.
Kituoni wajawazito wapya kumi na wanne, wote wanaulizia mashine. Nimewaeleza mmoja mmoja. Mmoja kanitazama kama nimeificha uvunguni.

Jumatano, 26 Juni
Barua ya makao makuu. Ombi letu la mashine limefutwa, kwani kituo "kimekwisha kupokea". Wameambatisha nakala yangu. Saini yangu, safi kabisa. Mkono wangu mwenyewe!
Nimelia stoo, nikanawa uso, nikaandika barua ya kukanusha. Mkuu wa kituo hataki kuitia saini. Anasema tungoje kampeni hii ya wizara iishe, tukisema mashine haipo tutakuwa tumesema tangazo ni uongo. Nikamjibu ni uongo. Akanikumbusha kuwa na yeye ana watoto wanaosoma. Mficha uchi hazai, na hapa ndipo watu wanapozalia. Barua iko mfukoni.

Ijumaa, 28 Juni
Naandika kidogo, tunasubiri gari.
Wifi yuko hapa. Kaingia saa tatu, gauni jipya, anatabasamu. Jana hakwenda hospitali kubwa.
"Nilikuona kwenye televisheni, wifi. Nikasema niende mbali kutafuta nini, na wewe unayo?"
Hakupiga simu, alitaka kunishtukiza. Na mimi sikumpigia! Nimewaeleza wageni wote wa kituo hiki, wa nyumbani nikamsahau.
Nikamuuliza mtoto anacheza? Akafikiri. Tangu jana asubuhi, kasema, ametulia.
Nimesikiliza tumbo kwa koni ya kusikilizia mtoto, mara tatu. Nasikia mapigo — au ni yangu mwenyewe? Nimejishika mshipa wa mkono nilinganishe. Yanakimbia pamoja. Sina hakika.
Gari la wagonjwa liko njiani, dereva kasema dakika arobaini. Mkuu wa kituo kachungulia, katazama tumbo, kanitazama mimi. Kaninyooshea mkono. Nikampa barua. Kaondoka nayo, sijui kuitia saini au kuichana.
Wifi amelala kwa ubavu, anautazama ukuta mpya. Anausifu. Ameniuliza mashine naileta saa ngapi.
Narudi kusikiliza tena.