Kiatu Kilichotoka Dohani

Quarry Brook,
Tasmania.
14 Julai 1954

Mpendwa ndugu yangu Mervyn,

Salamu tele zikufikie huko Kalgoorlie, wewe na Thelma na wanao. Hujambo? Kifua je, bado kinakusumbua kwa vumbi la mgodi? Sisi huku tupo. Baridi imetukaba, kondoo wameanza kuzaa, na maji ya ndoo yameganda tangu Jumapili. Mimi mzima. Mama si mzima, nitakueleza.

Najua hupendi barua ndefu. Hii utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni ya kwanza kuisoma hivyo tangu ulipoondoka hapa na kifurushi chako na hasira zako.

Dohani ya jikoni ilipasuka. Nikamwita Bwana Gormley, yule fundi mawe mwenye maneno mengi, aibomoe kuanzia juu ya meko. Asubuhi nzima alikuwa akinitania. "Beryl, nyumba hii ilijengwa na wafungwa. Wao walimaliza kifungo wakaenda zao, wewe bado umo tu!" Mara akaacha kugonga. Nikamwona ameshuka ngazi, mikono kaificha nyuma kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kuna kitu mle ndani," akasema. "Kakitoe mwenyewe. Mimi nina watoto."

Unayajua mambo ya wazee wetu. Kiatu kimoja, kilichokwisha kuvaliwa, hufichwa ndani ya dohani. Balaa likishuka humo hukiingia likidhani limempata mwenye mguu, na kurudi nyuma haliwezi. Zindiko hilo. Bwana Gormley amevikuta vingi katika kazi zake, vya zamani za kale, vimekauka kama maganda. Nami nikapanda nikicheka, nikitarajia takataka ya namna hiyo. Nikatoa kiatu cha mtoto, cha mguu wa kulia, chenye kifungo cha shaba na kile kiraka chekundu alichoshona marehemu Baba kwa mkono wake.

Mervyn, ni chako. Ndicho ulichochapwa kwa kukipoteza mwaka ule wa dondakoo, siku chache kabla hatujamzika pacha wako Cecil.

Mjinga mimi, nikakiweka dirishani nikaendelea na kazi zangu. Tangu hapo mbwa haingii jikoni, hata umwite kwa mfupa. Na alasiri, ninapoandaa chai, mlango wa nyuma hubishwa. Taratibu, na chini kabisa, usawa wa goti langu. Mara ya kwanza nilidhani ni watoto wa akina Pybus na utundu wao, nikatoka na ufagio nikiwatukana. Hapakuwa na mtu. Kizingitini, pale jua lisipofika, juu ya umande ulioganda palikuwa na alama ya wayo mdogo wa kulia, mtupu. Mmoja tu.

Nilimwendea Mama kitandani na kiatu mkononi. Kwanza aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Meko moja hulinda mtoto mmoja. Ndivyo bibi yenu alivyonifundisha, nami nilikuwa na wadogo wawili, wa tumbo moja. Nikachukua kiatu kilichokuwa karibu."

Nikambana, unanijua. "Kilichokuwa karibu, Mama? Au cha Mervyn?"

"Cha Mervyn. Nilijua nachukua kipi. Haya, umeridhika?"

Sikuridhika, na yeye hakuweza kunyamaza tena. Alikuona ukichapwa akaumeza ukweli, kwa sababu zindiko likitajwa hufa. Na Cecil alipokwenda, kila akikutazama wewe alimwona yule aliyemwacha bila kinga. Ndiyo sababu hakukupakata tena. Maskini wewe, miaka yote hii ukiamini kwamba angependa ufe wewe abaki mwenzio. Kumbe alikuchagua wewe! Nililia, Mervyn, mimi nisiyelia hata makaburini.

Kiatu nimekirudisha kwa mikono yangu, na Bwana Gormley akaziba kwa mawe mapya huku akisali chini kwa chini. Moshi unapanda vizuri. Lakini niambie kweli, juma lile kilipokaa dirishani, ulikuwa salama huko chini ya ardhi? Nijibu upesi, roho yangu haijatulia.

Kwani kubisha hakujakoma. Na Mama, ambaye daktari alisema hatainuka tena, juzi nilimkuta amesimama penye mlango wa nyuma, miguu mitupu, mkono juu ya kitasa.

"Anaona baridi mtoto," akaniambia. "Nimfungulie nimwombe radhi, halafu twende zetu."

Nilimbeba nikamrudisha kitandani. Amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Naogopa, ndugu yangu. Sitaweza kumlinda kila alasiri, nina kondoo, nina kuni, niko peke yangu.

Basi njoo. Hasira zako ziache hukohuko, au uje nazo, mimi sijali, mradi uje. Akuone umekua, una mvi, una wana. Hakuna kingine kitakachomtoa mlangoni pale.

Nisalimie Thelma na watoto. Shangazi Ivy anakusalimu, na Bwana Gormley pia, anasema bado una deni lake la kuvua samaki pamoja. Mungu akufunike kila ushukapo mgodini na akupandishe salama.

Neno moja la mwisho. Ukifika, hata kama ni alasiri na mvua inakunyeshea, usibishe mlango. Abishaye hatumfungulii tena. Fungua mwenyewe uingie, kama mtu wa nyumbani, na umwite Mama kwa sauti yako nzito ya utu uzima, ajue ni yupi kati yenu aliyekuja.

Ni mimi dada yako akupendaye, pamoja na makelele yangu yote,
Beryl